Usiulize Kama Chuo ni Kizuri

Matokeo ya Exetat, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kongo, yakitoka, mji wetu wa Baraka huku Fizi haulali. Kijana anatuma namba yake ya mtihani kwa SMS, asilimia inarudi, na kabla hajaisoma mara ya pili poda nyeupe imeshamwagwa kichwani mwake, wadogo zake wanamkimbiza barabarani wakiimba. Kesho yake asubuhi furaha inageuka swali, na swali lenyewe ni moja toka Mboko hadi Kazimia: "Yaya, chuo gani kizuri?" Linaulizwa baada ya mazoezi ya kwaya, linaulizwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, linaulizwa ndani ya boti inayovuka kutoka Ubwari. Anayeulizwa, huyo anayeitwa yaya, yaani kaka au dada mkubwa, ni yeyote aliyewahi kuonekana na kadi ya mwanafunzi mkononi.

Mimi nami nililiuliza. Nilimpigia binamu yangu aliyekuwa mwaka wa pili katika mji mwingine, akanijibu maneno mawili: "Kizuri, njoo." Nikaenda. Nilichagua masomo ya afya. Siku ya kozi ya maabara mwalimu aliingia na chaki, akachora hadubini ubaoni kwa uangalifu mkubwa, akaonyesha kwa kidole lenzi iko wapi, skrubu ya kusogeza iko wapi, taa iko wapi. Tukanakili. Hiyo ndiyo ilikuwa labo yetu ya mwaka mzima. Hadubini ya kweli nilikuja kuigusa nikiwa kwenye staji, yaani mazoezi ya kazi, katika kituo cha afya, na nilizungusha skrubu upande usio wake mpaka kile kioo chembamba kikapasuka chini ya lenzi. Muuguzi aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza. Aliniangalia tu, kisha akaniuliza nasoma wapi.

Kwa muda mrefu nilidhani binamu yangu alinidanganya. Hakunidanganya. Yeye alikuwa anasoma sheria, na mtu wa sheria hahitaji hadubini. Kwake chuo kilikuwa na madawati, walimu walikuwa wanafika, basi kizuri. Lakini kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilisema miaka mingi baadaye tukiwa tumekaa ufukweni. Baba yake alikuwa ameuza kiwanja ili yeye asome. Angewezaje kupiga simu nyumbani na kusema pale hapafai? Kila neno baya juu ya chuo lingekuwa kama kumwambia baba yake kwamba kiwanja kile kilipotea bure.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ushauri tunaopeana kuhusu vyuo una utamu mwingi na chumvi kidogo. Wengi wanaosifu chuo chao hawasemi uongo. Wanalinda heshima ya waliowalipia. Kwa hiyo ukimwuliza mtu "ni kizuri?", umemwomba achague kati ya wewe na baba yake, na atamchagua baba yake. Mwulize badala yake alilipa nini na alipata nini. Swali hilo halimwaibishi mtu, na jibu lake linaweza kupimwa. Kundi lolote la wanafunzi linalotaka kuambiana ukweli lijengwe juu ya swali hilo, na yote nitakayoeleza hapa, ya WhatsApp na ya daftari tunaloandikia ushuhuda, yanatoka humo.

Tuanze na watu. Kundi letu la WhatsApp la kupeana ushuhuda wa vyuo lilianza na wanafunzi kumi na wanne na namba moja ya simu. Usikimbilie wingi. WhatsApp inakubali watu 1,024 katika kundi moja, lakini kundi la watu elfu ni soko: kuna anayeuza viatu, kuna anayetuma maombi ya usiku, na shahidi wako amenyamaza pembeni. Tafuta kwanza watu wachache wanaosoma sasa hivi, wawili au watatu kwa kila fani, si kwa kila chuo tu, maana chuo kimoja kinaweza kuwa na idara ya kilimo iliyo hai na idara ya habari na teknolojia yenye kompyuta nne kwa wanafunzi themanini. Hakikisha wasichana ni nusu, kwa sababu kuna maswali ambayo wao tu wanayajua majibu yake. Kisha watafute wale ambao hakuna anayewatafuta: walioacha. Kijana aliyerudi Sebele baada ya mwaka mmoja, sasa anaendesha taksi-moto, anajua mengi kuhusu ada ya awamu ya tatu kuliko aliyehitimu na kupigwa picha na maua. Nenda kwake kwa heshima. Usimwulize "kwa nini uliacha". Mwulize "fedha iliishia wapi". Atakuambia.

Wahitimu wa zamani nao wakaribishwe, ila wajue mipaka ya wanachokijua. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 elimu ya juu ya Kongo imehamia mfumo wa LMD, yaani licence, master na doctorat. Zamani ulisoma graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili. Sasa licence yenyewe ni miaka mitatu, krediti 60 kila mwaka, jumla 180, halafu master miaka miwili. Kaka mkubwa aliyemaliza mwaka 2015 akikushauri kwa moyo wote namna ya "kumaliza graduat kwanza", anakuonyesha njia ya barabara iliyokwisha kuhamishwa. Mshukuru, halafu mwulize aliye darasani leo.

Kuna mgeni mmoja ambaye lazima ajitambulishe: anayetafuta wanafunzi kwa niaba ya chuo. Si kosa kufanya kazi hiyo. Vyuo vingine huwatuma wanafunzi wao wenyewe nyumbani wakati wa likizo kwenda kuita wenzao, na huenda mwanafunzi akapunguziwa ada kwa kila anayemleta. Kanuni yetu ni fupi: ukiwa na faida yoyote mtu akijiandikisha, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza wa ujumbe wako. Aliyesema tunamsikiliza. Aliyeficha tukagundua, tunamtoa, na tunaandika kundini kwa nini ametoka.

Sasa maswali. Tulianza na maswali ishirini na tano na hakuna aliyejibu. Mwanafunzi anayenunua mega za intaneti za siku moja hataandika insha. Tukapunguza mpaka yakabaki yale ambayo jibu lake linabadilisha uamuzi wa familia, na nitayaeleza kwa mazungumzo, kila mtu ayapange kwa namna yake.

La kwanza ni fedha yote, si ada tu. Ada, au fre kama tunavyosema hapa, ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi ya chuo. Isiyoandikwa ni ile inayomrudisha mtoto nyumbani: silabusi ambazo kila mwalimu anauza ya kozi yake, malipo ya kuandikishwa kabla ya mtihani, fedha ya kazi za vitendo, fedha ya staji, fedha ya kuwasilisha memwari, yaani tasnifu ya mwisho, mbele ya jopo, na mwishoni fedha ya diploma yenyewe. Mwombe shahidi ahesabu kila alichotoa mfukoni tangu Oktoba hadi Julai, kiwe na risiti au hakina. Halafu uliza ilidaiwa lini. Kwa familia za wavuvi tarehe ina uzito kuliko kiasi. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na nyumba haina fedha. Chuo kinachomfukuza mwanafunzi kwenye mtihani kwa sababu amechelewa siku tano, na chuo kinachompokea mzazi, kikaandika ahadi yake na kumwacha mtoto afanye mtihani, vinaweza kuwa na ada ileile kabisa. Kwa mama wa Ubwari hivyo ni vyuo viwili tofauti.

La pili ni mwalimu alifika mara ngapi. Vyuo vingi vya huku hutegemea maprofesa wageni wanaokuja wiki moja au mbili, wanafundisha asubuhi mpaka jioni, wanatoa mtihani na kuondoka. Hilo si baya peke yake. Nimefundishwa vizuri na mtu aliyekaa nasi siku tisa tu. Ubaya ni asipokuja. Basi usiulize "walimu ni wazuri?". Uliza: muhula uliopita zilipangwa kozi ngapi, na ngapi zilifundishwa mpaka mwisho? Mwaka ulianza mwezi gani, ukamalizika mwezi gani?

La tatu ni vitendo. Umegusa nini kwa mikono yako? Neno ni hilo, kugusa. Ukiuliza "kuna maabara?" utajibiwa ipo, kwa sababu mlango wenye kibao cha maabara upo. Ukiuliza "umegusa nini mwaka huu?" utasikia ukweli wote, pamoja na hadubini ya chaki.

La nne ni diploma. Tangu siku ya kutetea memwari mpaka siku ya kushika diploma halisi mkononi, ilipita miezi mingapi? Kuna watu wazima hapa Fizi wenye familia ambao bado wanatembea na hati ya muda, kwa sababu diploma haijaidhinishwa na wizara. Anayefanya kazi kwa hati hiyo anaulizwa kila mwaka lini ataleta ile yenyewe. Swali hili mwulize aliyemaliza miaka miwili au mitatu iliyopita; huyo ndiye shahidi wake.

Mengine ni ya maisha: chumba, maji, umeme, njia ya kurudi usiku kutoka maktaba, kama maktaba ipo. Hayo wanafunzi huyasema wenyewe bila kuulizwa, na huyasema vizuri.

Ushuhuda mzuri unafananaje? Huu hapa mmoja wa namna tunayoitaka, nimeuondolea jina la chuo: "Novemba 2024. Uuguzi, mwaka wa pili. Muhula wa kwanza kozi 9 zilipangwa, 6 zilimalizika, 3 zimesogezwa. Silabusi nimenunua 7, moja nimefotokopi kwa rafiki. Staji nimefanya wiki 4, nimechoma sindano kweli. Chumba tunalala watatu, maji ya bomba siku mbili kwa wiki. Mwalimu wa anatomia anarudia mpaka uelewe." Hakuna neno "kizuri" wala "kibaya", na bado ukimsomea mzazi atajua la kufanya. Ulinganishe na huu, ambao tunaupata kila wiki: "Chuo chetu ni moto, njooni hamtajuta." Ujumbe wa pili hatuufuti wala hatumcheki aliyeuandika. Tunamjibu kwa swali moja: kozi ngapi zilimalizika?

Angalia pia tarehe iliyo mwanzoni. Hiyo ni amri kwetu: ushuhuda usio na mwezi na mwaka hauingii daftarini. Tumejifunza kwa uchungu. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, mabenki yakafungwa, na wazazi waliozoea kulipa ada benki wakabaki na fedha mkononi bila pa kuiweka. Desemba 2025 vita vikafika Uvira, na vijana wetu waliokuwa wanasoma kule wakatawanyika, wengine Burundi, wengine wakirudi huku kwa barabara ileile ya namba 5 waliyoondokea. Ushuhuda wa Novemba 2024 kuhusu usafiri, chumba au namna ya kulipa katika miji hiyo ulizeeka kwa siku chache. Sehemu yake inayohusu kozi na staji bado ina maana, ya barabara haina. Kwa hiyo hatufuti wa zamani. Tunauandikia pembeni "kabla ya vita", na tunatafuta shahidi mpya.

Na kwa sababu ya vita hivyohivyo kuna mambo ambayo hayaandikwi kundini hata kama ni ya kweli: nani yuko kwenye kizuizi gani, jeshi limepita wapi, kikundi gani kiko kilima gani. Simu inaweza kufunguliwa na mtu mwenye silaha njiani, na mwanafunzi akateswa kwa ujumbe ambao hata hakuuandika yeye. Tukitaka kujua kama njia inapitika, tunapigiana. Vilevile haulizwi mtu kabila. Mbembe, Mbwari, Mfuliru, Munyamulenge, Mrundi wa kambi ya Lusenda, wote wanalipa silabusi ileile. Ujumbe wa matusi ya kabila unaondolewa papo hapo pamoja na aliyeutuma, bila mjadala, hata akiwa admini.

Nifike sasa kwenye kumlinda anayesema. Hapa makundi mengi huanguka, kwa nia njema kabisa. Watu husahau kwamba ndani ya kundi la WhatsApp kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Kura za WhatsApp nazo si za siri: ukigusa jibu, wengine wanaona umechagua nini. Niliwahi kuona kura imewekwa, "Je, umewahi kuombwa fedha ili upewe pointi?", ndani ya kundi ambalo msaidizi wa mwalimu alikuwa mwanachama. Watu wawili walijibu ndiyo. Wiki ileile waliondoa majibu yao.

Njia tunayoitumia ni ya mpokeaji. Tunachagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao hawasomi chuo kinachozungumzwa. Mwenye la kusema anawaandikia wao peke yao. Mpokeaji anasoma, anauliza maswali mawili matatu, kisha anaandika upya kwa maneno yake na kuweka kundini. Anaandika upya, hasambazi ujumbe wenyewe. Odio haisambazwi kamwe, kwa sababu sauti ya mtu ni uso wake. Na anaondoa alama zinazomfichua: ukiandika "msichana kutoka Ubwari, mwaka wa tatu agronomia", na chuoni kuna mmoja tu wa namna hiyo, umemtaja jina. Andika "mwanafunzi wa kilimo". Nchini Tanzania, JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilikua kwa sababu watu waliweza kuandika bila majina yao halisi, na mijadala ya vyuo ilikuwamo. Sisi hatuna mtambo kama huo. Tuna watu wawili wanaoaminika na midomo yao, na kwa kundi dogo inatosha.

Walimu je, watajwe majina? Tulibishana usiku mzima. Wamarekani wana Rate My Professors tangu 1999, ambamo mwalimu anatajwa jina na kupewa alama. Ufaransa, mwaka 2008, mtandao wa Note2be uliojaribu jambo hilohilo kwa walimu wa shule ulikatazwa na mahakama ya Paris kutumia majina yao. Ujerumani, mwaka 2009, mahakama ya juu iliuruhusu mtandao wa spickmich. Hata huko, basi, hawakukubaliana. Kwetu sheria iko hivi: kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu kinamwadhibu anayemzushia au kumtangazia mtu hadharani, kwa nia mbaya, tendo mahususi linalomvunjia heshima, na tangu Machi 2023 tuna pia Kanuni ya Dijitali inayohusu yanayoandikwa mtandaoni. Mwanafunzi wa miaka ishirini hana wakili. Tukaamua: mwalimu akisifiwa, tunaweza kumtaja. Akilaumiwa, tunataja kozi na lililotokea, basi. "Kozi ya takwimu haikumalizika, mtihani ulitoka kwenye sura ambazo hazikufundishwa." Anayehitaji kuelewa ataelewa.

Kuna jambo moja ambalo halipitii kundini hata kwa mpokeaji: msichana anayedaiwa mwili wake ili apate pointi. Lipo, na kulinyamazia ni kulishiriki. Lakini kulirusha kundini kunamwumiza yeye kabla ya kumgusa mkosaji. Kabla ya magharibi mji mzima utakuwa unakisia ni nani. Kwa hilo tuna mama mmoja, mtu mzima, asiyesoma wala kufundisha popote. Msichana anamwona ana kwa ana, na ni yeye msichana anayeamua hatua inayofuata: kuhama, kushitaki, kwenda hospitali, au kuzungumza tu kwanza. Kundini kinachoingia ni onyo la jumla baada ya miezi, tena akiridhia. Kama huna mama wa namna hiyo, mtafute kabla ya kufungua kundi.

Ushuhuda wa wanafunzi hata hivyo hautoshi peke yake. Mwanafunzi anaweza kufurahia miaka mitatu katika chuo ambacho diploma yake haitatambuliwa. Wizara ya elimu ya juu imewahi kufanya uchunguzi na kufunga vyuo ilivyoona havifai, na waliokuwa ndani walibaki wakitafuta pa kuhamia. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata awamu ya kwanza, omba kuona arete, yaani amri ya waziri inayoruhusu chuo, isome namba yake na tarehe yake, ipige picha. Halafu soma fani zilizotajwa ndani. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya maendeleo vijijini na kikafungua uuguzi bila ruhusa ya uuguzi. Ofisi yenye karatasi safi haikasiriki ukiomba kuiona. Ikikasirika, andika hilo nalo daftarini, pamoja na tarehe.

Wanaovuka ziwa kwenda Tanzania waangalie orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo hutoa kila mwaka mwongozo wa vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Waulizie mapema ulinganifu wa diploma ya Serikali ya Kongo, kwa sababu ofisi ya udahili haitaupokea kwa maneno. Uganda kazi hiyo hufanywa na NCHE, Kenya na CUE. Kwa walio wakimbizi, wa Nyarugusu au wa Lusenda, ulizeni ofisi ya UNHCR kuhusu ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani. Nafasi ni chache na tarehe za mwisho hazisubiri, ndiyo maana tarehe hizo zinastahili kuwa ujumbe uliobandikwa juu kabisa kundini.

Namna ya kusoma ushuhuda: usiamue kwa mmoja. Shuhuda tatu zikikubaliana juu ya tendo, liamini. Zikipishana, usikimbilie kusema mmoja ni mwongo. Angalia fani, mwaka na mwezi. Mara nyingi wote wawili wamesema kweli kuhusu vyuo viwili vilivyo ndani ya ua mmoja. Kundi likikosea, kosa lisahihishwe palepale liliposomwa, kwa herufi zilezile, na chuo chenyewe kikitaka kujibu kipewe nafasi. Mara moja karani wa chuo alituandikia kwa hasira kwamba kozi tuliyosema haikumalizika ilimalizika wiki mbili baada ya ujumbe wetu. Tuliuliza wanafunzi, wakathibitisha, tukaandika. Tangu hapo karani huyo hututumia kalenda ya masomo kila muhula.

Na mazuri yaandikwe kwa undani uleule. Watu hudhani ushuhuda wa kweli ni wa malalamiko. Mwalimu aliyepanda pikipiki kwenye matope ili mtihani usisogezwe, mtunza maktaba anayeacha mlango wazi mpaka saa mbili usiku, mhasibu anayemsikiliza mvuvi: haya ni ushuhuda, na yakikosekana daftarini mtu atachagua kwa hofu tu.

Mwisho ni intaneti yenyewe. Pale Kazimia na ng'ambo Ubwari mtandao unakuja na kuondoka, na wazazi wengi hawana simu ya WhatsApp. Kundi linaloishia ndani ya simu linawahudumia wale wenye nafuu tayari. Kwa hiyo tuandike maneno, tusitume video. Kila mwezi mmoja wetu anakaa na daftari kubwa la mistari pale kwenye kibanda cha kuchajia simu, anakusanya mapya, anayapanga kwa mji na fani, kisha yanachapwa kurasa mbili. Nakala zinapelekwa kwa boti na pikipiki mpaka shule zenye darasa la mwisho, moja inabandikwa ukutani, moja anabaki nayo prefe, yaani mkuu wa shule. Daftari lina nakala yake kwa mtu wa pili, anayelala nyumba nyingine. Simu huibwa, admini humaliza masomo na kuhama, na kundi lenye admini mmoja hufa naye. Kila Septemba tunachagua mpokeaji mpya kati ya wale wa mwaka wa kwanza.

Mwaka jana nilipeleka kurasa zile bandarini mwenyewe. Mama mmoja alikuwa anasubiri boti ya Ubwari, kapu la ndagala kavu miguuni, binti yake pembeni bado ana poda kwenye nyusi. Hakujua Kifaransa, nikamsomea kwa Kiswahili, swali baada ya swali, silabusi, kozi, kugusa, diploma. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza: "Na akiugua usiku, nani anamfikisha hospitali?"

Hatukuwa na swali hilo. Kati yetu wote, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Nililiandika kundini saa moja jioni, na kabla ya saa nne yalikuwa yameingia majibu kumi na saba: nani alibebwa na wenzake wa chumbani, nani alisubiri mpaka asubuhi kwa sababu lango lilikuwa limefungwa, chuo gani kina muuguzi anayelala hapohapo, chuo gani namba ya dharura haipokelewi. Sasa lipo kwenye karatasi, la tano, mara tu baada ya diploma.